Mbao kavu, stoo kavu au kiungo huru? Ulinganisho kwa karakana zenye unyevu Kisumu na Magharibi

Malalamiko huwa yaleyale. Meza ya chakula imetoka soko la Kibuye, Kisumu, ikiwa imenyooka na inang'aa, ikapandishwa pikapu hadi kwa mteja. Mwezi wa pili au wa tatu simu inaingia: "Fundi, ile meza imepasuka katikati." Fundi analaumu yadi iliyomuuzia mbao, mteja anamlaumu fundi, na mwenye yadi wala hajui kuna kesi.

Ukitaka kuepuka simu hiyo, pesa zako zina njia nne za kupitia: kununua mbao iliyokauka, kukausha mahali unapoiweka, kubadilisha namna unavyounganisha, au kuachana na mbao nzima, yaani ubao wa mti wenyewe, na kutumia plaiwudi na bodi. Mafundi wengi hukimbilia ya kwanza, wakiishiwa hapo hawafiki ya tatu. Mimi ningeanza na ya tatu. Kwa karakana ya kawaida ya huku, mabati juu, pande mbili wazi, sakafu ya udongo au saruji inayotoa jasho, shilingi ya kwanza iende kwenye kiungo, ya pili kwenye stoo ndogo ya mbao, na mbao ya tanuri, yaani iliyokaushwa kwa joto ndani ya chumba maalumu, ije mwisho, tena kwa kazi chache tu.

Hesabu inayoamua yote

Mbao huvuta na kutoa mvuke hadi ipatane na hewa iliyoizunguka. Hewa ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 kwa majuma kadhaa, mbao hutulia karibu na asilimia 16 ya maji, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mbao kavu kabisa. Hewa ya asilimia 65 huipeleka karibu na 12, na ya asilimia 50 huishusha hadi 9 hivi. Ubao wa inchi moja haufuati asubuhi na jioni. Hufuata wastani wa majuma. Ndiyo maana jua kali la alasiri moja ya Aprili halikusaidii chochote zaidi ya kukausha ngozi ya juu.

Mbao mbichi inapoteza maji mengi bila kubadilika ukubwa. Inaanza kusinyaa ikishuka chini ya asilimia 28 hadi 30, na kuanzia hapo kila asilimia ina hesabu yake. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kukusumbua. Kwa upana inabadilika, na ubao uliopasuliwa bapa, ule unaoonyesha michoro ya milima usoni, husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo. Kwa mbao nyingi zilizopasuliwa bapa, kadiria robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya maji.

Sasa chukua uso wa meza wa sentimita 90 uliotengenezwa mwezi wa Mei ukiwa na maji asilimia 16. Umeingia nyumba inayoushusha hadi 11. Tofauti ni 5, mara robo asilimia, mara milimita 900: milimita 11 zimetoweka. Kama uliugongelea misumari kwenye fremu kila upande, sentimita hiyo itatafuta pa kutokea, na hutokea pale penye gundi dhaifu au ufa mdogo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja si rangi anayotaka. Ni fanicha inaenda wapi. Kakamega mvua ni karibu mara mbili ya Nakuru, na kabati linalotoka huku kwenda Nakuru mwezi wa Januari litasinyaa. Lakini anayekutia hasara zaidi yuko karibu: ofisi yenye AC mjini Kisumu, mtaa wa pili kutoka karakana yako. Humo AC ikiwaka hewa ni kavu mwaka mzima, hata mvua ikinyesha nje.

Kwa mtazamo wa haraka

| Njia | Gharama | Inasaidia wapi | Inashindwa wapi |
|---|---|---|---|
| Mbao ya tanuri | Juu | Fanicha ya ofisi yenye AC, kazi ya kusafiri mbali | Ikilala karakana yenye unyevu kwa majuma |
| Kukausha kwa hewa mwenyewe | Chini, lakini pesa zinalala | Kazi nyingi za nyumbani | Mteja mwenye haraka |
| Stoo ndogo iliyofungwa | Ya kati, mara moja | Kulinda mbao iliyokwisha kukauka | Mbao mbichi kabisa. Itaota ukungu |
| Viungo vinavyoacha nafasi | Muda wa fundi | Kila kazi ya mbao nzima | Hakuna, ila havirekebishi mbao mbichi |
| Plaiwudi, blokbodi, MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) | Ya kati | Nyuso pana, migongo, sakafu za droo | Kingo na maji ya deki, hasa MDF |

Tanuri au hewa?

Mbao ya tanuri huuzwa kama dawa ya kila kitu. Ikitoka tanurini ikiwa na asilimia 10 au 12 ni nzuri kweli. Shida inaanza ukishaipakua. Ukiiegemeza ukutani kwenye karakana ya Nyalenda mwezi wa Aprili, mita chache kutoka mtaro uliojaa maji, inaanza kunywa siku hiyohiyo. Baada ya majuma kadhaa imefika palepale mbao ya hewa ilipo, nawe ulilipia ukavu ambao haupo tena. Aina ya ukaushaji haikumbukwi na mbao. Inachokumbuka ni hewa ya mwezi uliopita.

Jambo moja tanuri linalifanya ambalo hewa haiwezi: joto lake, likifikishwa hadi kwenye kiini cha ubao kwa muda wa kutosha, huua mabuu ya wadudu waliomo ndani. Kama umewahi kuona unga mweupe chini ya kiti kipya, unajua thamani ya hilo.

Kukausha kwa hewa hakuna siri, ila kuna uvivu mwingi unaojificha humo. Rundo la kawaida la karakana, mbao zimelala moja juu ya nyingine zikisubiri kazi, halikauki, linaoza polepole. Rundo linalokausha lina mambo yake. Linainuliwa angalau futi moja na nusu kutoka ardhini kwa matofali au magogo. Kati ya kila safu unaweka vijiti vikavu vya inchi moja kwa moja, vyote vya unene mmoja, kila futi mbili au pungufu. Vijiti vya safu ya juu vikae wima kabisa juu ya vijiti vya chini. Kijiti kikihama hata inchi nne, ubao unapinda hapo na utabaki umepinda. Ncha za mbao unazipaka rangi ya mafuta iliyobaki au nta, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha haraka kuliko mahali pengine na ndipo nyufa zinapoanzia. Juu kabisa unaweka uzito: mawe, vyuma, chochote. Kisha bati la kuzuia mvua na jua, pande zote zikiwa wazi kwa upepo.

Saipresi ya inchi moja ikipangwa hivyo tangu Desemba itakuwa imefika pa kutumika kabla mvua za Machi hazijaanza. Mbao ngumu inataka muda mrefu zaidi, na ya inchi mbili haichukui mara mbili ya muda wa inchi moja, inachukua zaidi ya hapo.

Utajuaje imekauka? Mita ya unyevu yenye pini mbili ni kifaa kizuri, lakini ukichoma uso tu itakudanganya pande zote: uso ulioanikwa juani unasoma mkavu, uliolowa umande unasoma mbichi. Kata ubao futi moja kutoka kwenye ncha, choma pini kwenye mkato mpya, katikati. Usipokuwa na mita, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha. Kata kipande chembamba kutoka ndani ya ubao, kipime. Tuseme ni gramu 92. Kiweke kwenye oveni ya digrii 100 hivi, ukipime kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukome kushuka. Kikifika gramu 78 na kugoma, maji yalikuwa gramu 14. Gawanya kwa 78, unapata asilimia 18. Mbao hiyo ya 18 inafaa kwa kitanda cha Busia. Haifai kwa meza ya mikutano yenye AC.

Njia ya zamani ya kugonga ubao na kusikiliza mlio, au kuunusa, hutenganisha mbichi kabisa na iliyokauka. Haiwezi kutenganisha 18 na 12, na hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Mbao gani

Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, hadi ilipotangaza kuiondoa Julai 2023, yadi nyingi za huku zilitegemea zaidi mbao za mashamba ya watu na zinazoingia kutoka ng'ambo ya mpaka kupitia Busia na Malaba. Maana yake kwa fundi ni moja: lori likifika, hujui mti ulikatwa lini. Uliza, halafu pima mwenyewe.

Saipresi ndiyo ningemshauri mtu achague akiwa na shaka. Husinyaa kidogo, hukauka haraka, haipindi kwa fujo. Tatizo lake ni vifundo: ikikauka, vifundo vilivyokufa hulegea na kuanguka, vikaacha tundu katikati ya mlango. Chagua ubao wenye vifundo vidogo vilivyoshikana na nyuzi, au uvikate.

Mkaratusi ni hadithi nyingine. Uko kila shamba kuanzia Vihiga hadi Bungoma, bei yake inavutia, na kwa nguvu hauna mpinzani wa bei hiyo. Lakini gogo lake limebeba mkazo wa ndani tangu likiwa mti. Msumeno ukipita tu, ubao unajipinda kama upinde mbele ya macho yako. Ukikaushwa haraka hupasuka na hata kubonyea kwa ndani. Kwa miguu ya kitanda, fremu ya sofa iliyofunikwa kitambaa na kazi za vipande vyembamba, sawa. Kwa uso wa meza, hapana, hata akikupa bure.

Mgrivea, ambao wengi wanauita mukima, uko katikati, na una tabia ambayo wachache huitumia. Upande wa miduara ya gogo husinyaa karibu mara tatu ya upande unaoelekea moyo. Ubao uliopasuliwa bapa utakusumbua. Uliopasuliwa kuelekea moyo hutulia vizuri na kuonyesha madoa ya hariri ambayo wateja hudhani ni mbao ya kigeni. Kama unamjua mwenye mashine ya kupasua, mwambie unavyotaka gogo lipasuliwe. Utapoteza mbao kidogo na kupata ubao unaouzika kwa bei ya juu.

Mvule ni mfalme kwa kutulia. Husinyaa kidogo kuliko karibu mbao zote ngumu utakazozikuta kwenye yadi za Kisumu, na unyevu hausumbui maisha yake. Bei ndiyo inayosumbua, pamoja na vibali: usichukue mvule wa shambani usio na kibali cha kusafirisha. Ukiuranda, jihadhari na vumbi lake linalowasha pua na ngozi, na mawe madogo meupe yaliyojificha ndani yake yanayovunja meno ya msumeno.

Paini inafanya kazi kama saipresi kwa kiasi kikubwa, ila ikibaki na unyevu huota madoa ya bluu ambayo vanishi haiyafichi.

Kukausha karakana, au kona moja yake

Mashine ya kuondoa unyevu kwenye banda lenye pande wazi ni kujaribu kukausha Ziwa Victoria. Usinunue. Lakini chumba kidogo kilichofungwa, futi nane kwa kumi, kinachotosha mbao za kazi tatu nne, kinaweza kubadilisha kila kitu kwa gharama ndogo.

Fizikia yake ni rahisi. Hewa ya digrii 20 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha moto ikafika digrii 25 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi asilimia 59 hivi. Mbao iliyokuwa ikielekea 16 sasa inaelekea 11. Hukuondoa tone hata moja la maji. Umeongeza joto la digrii tano tu. Chumba chenye mabati juu hufanya hivyo chenyewe kila siku ya jua. Kazi yako ni kuzuia hewa ya usiku na maji ya sakafuni yasirudishe yote. Tandika karatasi ya nailoni nzito chini ya sakafu ya mbao au chini ya saruji mpya, ziba mapengo ya kuta, funga mlango jioni kabla umande haujaanza na ufungue mchana hewa ikiwa kavu. Usiku wa mvua, balbu ya zamani ya kutoa joto ikiwekwa chini mbali na mbao na vumbi inatosha kuinua digrii chache. Ukitumia balbu, sakafu iwe haina hata chembe ya takataka za randa. Moto wa karakana huanza hivyo.

Kipimo cha unyevu wa hewa chenye saa ndogo ya kidijitali ni cha bei nafuu. Kitundike humo. Bila hicho unafanya kazi kwa kukisia.

Je, ujenge chumba hicho kabla ya kununua mbao ya tanuri? Ndiyo, na mpangilio huo hauna mjadala. Tanuri bila stoo ni pesa iliyomwagwa. Stoo bila tanuri bado inakupa mbao ya asilimia 12 au 13, na hiyo inatosha kwa nyumba nyingi za huku.

Kiungo: mahali ambapo kazi inaokolewa

Hapa ndipo tofauti kati ya meza inayodumu na inayorudi huamuliwa, na haigharimu kitu zaidi ya nusu siku.

Anza na uso wa meza. Njia tatu zinapatikana. Ya kwanza, misumari na gundi pande zote: haraka, na ndiyo inayopasuka. Ya pili, skrubu kutoka chini kupitia matundu yaliyorefushwa. Unatoboa tundu kwa drili, kisha unalirefusha kwa patasi au kwa kutoboa matundu mawili yanayogusana, urefu ukielekea upana wa uso, si urefu wa meza. Ongeza washa chini ya kichwa cha skrubu. Skrubu za katikati zikaze kwenye matundu ya kawaida ili uso usihame. Za pembeni ndizo zinazohitaji nafasi. Kwa uso wetu wa sentimita 90, kila upande unahitaji milimita 6 hivi za kusogea. Ya tatu, vibao vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu, vikikazwa kwenye uso kwa skrubu moja. Huteleza kwenye mfereji uso ukitanuka. Ni nzuri kuliko zote na huonekana kazi ya fundi mwenye shule, lakini kwa meza ya bei ya kawaida ya pili inatosha kabisa.

Kisha milango ya kabati. Ubao mmoja mpana uliopigwa misumari kwenye mbao mbili za nyuma utajikunja, hata ukiwa mvule. Fremu ya tundu na ulimi, yaani ncha ya ubao iliyochongwa ikaingia kwenye tundu la mwenzake, yenye paneli ndani ya mfereji ndiyo suluhisho la miaka mingi, na bado watu wanaliharibu kwa kutia gundi kwenye paneli. Gundi iingie kwenye viungo vya fremu tu. Paneli ielee. Na ukubwa wake hutegemea mwezi. Paneli ya sentimita 40 inaweza kubadilika milimita 5 kati ya msimu na msimu. Ukiitengeneza Mei, mbao imevimba, inaweza kukaa karibu ijaze mfereji kwa sababu itasinyaa tu. Ukiitengeneza Februari, acha milimita 2 au 3 kila upande, vinginevyo mvua za Aprili zitaisukuma hadi ifumue viungo vya fremu. Mafundi wengi hukata kipimo kimoja mwaka mzima.

Jambo dogo ambalo mteja huliona kabla ya ufa wowote: paka rangi au vanishi kwenye paneli kabla ya kuifunga kwenye fremu, kingo zikiwemo. Usipofanya hivyo, ikisinyaa Januari utaona mstari mweupe wa mbao isiyopakwa pembeni mwa fremu, na hakuna njia ya kuupaka vizuri bila kuvunja mlango.

Droo: uso wa droo wa sentimita 20 hupanda kwa milimita 2 na nusu katika mabadiliko hayohayo. Droo iliyobana vizuri Februari haitafunguka Aprili. "Fundi, droo imekwama na stakabadhi za shule ziko ndani," ndivyo mama mmoja aliyenunua dawati alivyoniambia, na ikabidi mtu aende na randa. Acha nafasi juu, si pembeni. Chini ya droo tumia plaiwudi, acha ubao.

Kofia ya ncha ya meza, yaani ule ubao unaofunika ncha kwa kukata nyuzi, hupendwa sana kwa sasa. Ukiitia gundi yote, umejenga mtego: yenyewe haibadiliki kwa urefu, uso unabadilika kwa upana, na mmoja lazima avunjike. Tia gundi sentimita 10 za katikati tu, pembeni tumia ulimi mkavu.

Kuhusu kupasua ubao wa inchi nane kwa moja kuwa vipande vya inchi tatu au nne kisha kuviunganisha upya: inasaidia, lakini si kwa sababu wanayoitoa wengi. Uso bado utatanuka na kusinyaa kiasi kilekile. Kinachopungua ni kujikunja, kwa sababu kila kipande kinajikunja kidogo chake na mikunjo inapingana. Unganisha vipande vya ubao mmoja au lori moja pamoja. Ukichanganya kikavu na kibichi, kiungo kitaonekana kwa kidole ndani ya mwezi.

Plaiwudi na wenzake

Plaiwudi hutulia kwa sababu tabaka zake zimepishana nyuzi na kila moja inamzuia mwenzake. Blokbodi ni vivyo hivyo. Kwa uso mpana wa kabati, mgongo wa rafu na sakafu ya droo, sioni sababu ya kupigana na mbao nzima. Wateja wengine husema plaiwudi ni ya bei rahisi. Waonyeshe ukingo uliofunikwa kwa kipande cha mvule cha nusu inchi na watanyamaza.

MDF haipindi kwa hewa ya kawaida ikipakwa pande zote, na inapakika vizuri kuliko zote. Adui yake ni maji ya chini. Huku nyumba hupigwa deki kila siku, na kabati la MDF lililokaa moja kwa moja sakafuni huvimba miguuni kama mkate uliolowa. Weka miguu au msingi wa mbao nzima. Kwa nyumba za maeneo yanayofurika, upande wa Nyando kwa mfano, usikubali kazi ya MDF hata mteja akisisitiza. Mwambie ukweli mapema.

Vanishi haizuii, inachelewesha

Laka, vanishi ya poliyurithani na rangi ya mafuta hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, kwa hiyo mbao haifuati kila mvua. Haiondoi safari, inaipunguzia mwendo. Mafuta na nta huchelewesha kidogo sana. Tumia kwa uzuri. Kosa la kila siku ni kupaka juu tu na kuacha chini ya meza mbichi: upande mmoja unakunywa, mwingine umezibwa, uso unajikunja kama kigae. Paka pande zote mbili, hata kama chini hakuna atakayepaona.

Laka ikipulizwa asubuhi ya mvua huganda nyeupe kama maziwa, kwa sababu umande unanaswa ndani yake. Subiri mchana, au uahirishe.

Ningechagua nini

Kitanda, benchi, fremu ya sofa: saipresi au mkaratusi wa vipande vyembamba, kavu ya hewa, viungo vya tundu na ulimi. Hapa mbao ndefu ndiyo inayobeba kazi, na urefu haubadiliki, kwa hiyo usitumie pesa kwenye tanuri. Ila mbao mbichi haifai hata hapa: ikikauka inaachilia misumari, na kitanda kinaanza kulia usiku.

Meza ya chakula ya nyumbani: saipresi, mgrivea uliopasuliwa kuelekea moyo, au mvule kama mfuko unaruhusu. Asilimia 13 au pungufu, matundu yaliyorefushwa, vanishi juu na chini.

Meza ya mikutano au kaunta ya ofisi yenye AC: hapa tanuri linalipa, na stoo kavu ni lazima kati ya siku ya kununua na siku ya kupeleka. Uso mpana, ningeshauri plaiwudi yenye veneri, ile ngozi nyembamba ya mbao, na ukingo wa mbao ngumu.

Kabati la nguo la chumba cha kupanga: blokbodi au plaiwudi, milango ya fremu na paneli, msingi wa mbao nzima.

Na mteja mwenye harusi Jumamosi anayetaka meza kubwa ya mbao nzima kutoka mbao iliyoshushwa jana? Mpe bei ya plaiwudi yenye ukingo wa mbao ngumu. Akikataa, andika kwenye risiti kwamba mbao ni mbichi na kwamba akitaka uso urandwe upya baada ya miezi sita atalipa kazi hiyo kando. Wengi wakiisoma sentensi hiyo hurudi kwenye plaiwudi.